Nani Aliwasha Jiko Humu

Lavenda, wewe na wenzako mliobaki kazini ndio mlisema niandike, kwa hivyo msicheke herufi zangu. Shule niliishia darasa la tatu. La nne nililiona dirishani nikipita na mzigo wa kuni. Lakini vile vyumba vya wageni vya nyumba ya Bi Rukia nimevitunza mpaka magoti yakasema yametosha, na sasa niko hapa Obunga natazama kuku wa jirani wakigombania ganda la ndizi, sina shuka la kukunja. Mkono umezoea kazi, usipoupa utaanza kukuna mahali pasipowasha. Basi nimeupa kalamu.

Cheo changu nakiacha, maana kilibadilika kila alipobadilika mtu wa kunitaja. Nilianza kama mama wa kufua, nikawa keateka, yaani mtunza nyumba, na juzi kwenye sherehe ya kuniaga Jamali, mjukuu wa Bi Rukia, aliniita meneja wa wageni. Ufagio ulikuwa ule ule.

Mnaoijua nyumba mnaijua, lakini wengine watasoma hii, acha niwaambie. Iko upande wa zamani wa mji wetu wa Kisumu, huku chini karibu na stesheni ya reli, kwenye zile nyumba za mawe za wafanyabiashara wa Kihindi wa zamani. Duka chini, watu juu, na baraza ya mbao imening'inia juu ya barabara kama mtu anayechungulia. Baba yake Bi Rukia aliinunua kwa mwenye duka aliyekuwa akihama. Huyo baba alikuwa mtu wa pwani aliyeletwa huku na kazi ya reli, akaoa mtaa wa Kaloleni wa hapa hapa, akazika wazazi wa mkewe hapa, akasahau kurudi. Ndiyo maana Bi Rukia ana Kijaluo cha kununulia samaki na Kiswahili cha kugombeza. Vyote viwili anavijua sana.

Siku yangu ya kwanza nilikuja kufua tu. Wakati huo juu palikuwa na vyumba vya kulala wasafiri, choo kimoja kwa wote, na ndoo mlangoni. Aliyekuwa akitandika vitanda hakuja, Bi Rukia akaniambia nitandike mimi. Nikatandika, nikapiga mto makofi, nikasimama kando nikingoja kusifiwa.

"Haya, lala," akasema.

"Nani, mimi?"

"Kuna mwingine humu? Vua viatu, lala chali."

Nikalala, miguu imekaza kama ya maiti. Nikatazama juu. Kwenye boriti palikuwa na utando wa buibui mkubwa kama leso, na buibui mwenyewe yuko katikati, mnono.

"Unaona nini?"

"Buibui, Bi."

"Mimi nimesimama sioni. Mgeni hakioni chumba akisimama, Mama Okoth. Anakiona akilala. Ukimaliza kazi, lala kwanza ndiyo useme umemaliza."

Hiyo ndiyo shule niliyohitimu. Nimelala juu ya kila kitanda cha ile nyumba, mchana kweupe, viatu mkononi. Mume wangu, Mungu amlaze, aliposikia alisema anataka kazi kama hiyo na yeye.

Nyumba ya zamani ina tabia zake kama mzee. Mlango wa chumba cha juu mvua ikinyesha unavimba, huwezi kuusukuma tu. Uinue kidogo kwa bega, ndiyo uende. Ukilazimisha kitasa utabaki nacho mkononi mgeni akikutazama. Wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama moshi, jioni zima taa ya ndani uache ya baraza, watakwenda kujipendekeza huko nje. Asubuhi wafagie wakiwa wakavu. Ukiwamwagia maji wanakuwa uji, na uji huo hautoki kwenye mbao. Na mgeni akipika omena, dagaa wetu wa ziwani, madirisha yamefungwa, usigombane naye, ni chakula chetu. Akiondoka, chemsha maganda ya ndimu katikati ya chumba mpaka yakauke. Manukato hayasaidii. Omena yenye manukato ni mbaya kuliko omena.

Baadaye huyo Jamali alirudi kutoka Nairobi na mawazo. Akavunja, akajenga, kila chumba kikapata choo chake ndani, kitanda kikubwa, na jiko la gesi la vichwa viwili kwenye kona. Chumba kimoja kina kila kitu, mtu anakodi siku mbili, wiki, anaondoka. Akasema zinaitwa studio. Kwetu kijijini nikasema nafanya kazi studio, shangazi yangu akaja mjini amevaa nguo ya Krismasi apigwe picha. Nilimpiga na simu, hakuridhika, alitaka pazia lenye maua.

Watu wakaanza kuja kwa sababu nyumba ni ya kale. Wanapiga picha ngazi. Wanapiga picha mlango ule uliovimba, wanasema ni mzuri sana, nami nimesimama hapo bega linaniuma. Nilipokea wazungu, nilipokea maharusi, nilipokea mchungaji aliyesahau meno yake kwenye glasi. Wote nikawapokea kwa mkono. Jamali alitaka kuweka kisanduku cha namba mlangoni, mgeni ajifungulie. Bi Rukia akamuuliza, "Na nani atamwambia karibu? Sanduku?" Mambo ya sanduku yakaisha hapo.

Sasa niwaambie jambo ambalo nikiulizwa mbinguni nilifanya kazi gani, ndilo nitakalotaja.

Kuna fundi mmoja wa mtaa wa Manyatta, anaitwa Ouma, anachomelea milango ya chuma. Nyinyi mnamjua, geti la uani ni lake. Alioa msichana wa kutoka Katito, Atieno, kwa adabu zote. Mama yake Atieno ni mjane, na macho yalikuwa yameingiwa na mtoto wa jicho, yote mawili. Binti yake alipoolewa, mama tayari alikuwa anaona watu kama vivuli. Hospitali hapa mjini wakampa siku ya upasuaji, wakamwambia akifanyiwa asirudi kwenye moshi wala vumbi la barabara, akae karibu, arudi kuonwa mpaka jicho lipone. Mara ya kwanza siku ilifika akakosa pa kulala, akarudi Katito vile vile. Hospitali ikampa siku nyingine, na daktari akamwambia Atieno bila kuficha: mama akikosa tena, foleni ni ndefu, na hilo jicho la kulia halitangoja.

Wasiokuwa Wajaluo watauliza, si binti yake anakaa Manyatta? Anakaa. Lakini nyumba ya Manyatta ni ya Ouma, na kwetu mama mkwe, tunamwita maro, halali chini ya paa la mkwewe. Hata kama mvua inanyesha mawe. Hakalii kitanda chake, na macho yao hayakutani ovyo. Si chuki, ni heshima, na heshima ikivunjwa watu wanaogopa kitakachowapata watoto. Kuna vijana wanasema mambo hayo yamepitwa. Waseme. Yule mama hakusema.

Kwa hivyo Ouma akakodi chumba chetu cha juu. Na hapo alikuwa ametumia akili kweli: nyumba ya watu wengine, mji, maro hana neno. Mama mwenyewe alikubali huko kwao. Shida ni kwamba Ouma alimpenda sana mama mkwe wake.

Alikuja siku moja kabla, mimi niko kwa mazishi Seme, akachukua ufunguo kwa Lavenda. Lavenda, sikulaumu, ungejuaje. Akaingia ahakikishe kila kitu kiko sawa. Kesho yake mchana mama akafika ameshikwa mkono na Atieno, na Ouma amesimama ng'ambo ya barabara kwenye duka la spea, kofia mkononi, kama inavyotakiwa.

Nikampandisha mama ngazi polepole. Mwanamke mrefu, mkavu, leso kichwani, anahesabu ngazi kwa kidole cha mguu. Nikainua mlango kwa bega. Akaingia, akapapasa ukuta, akapapasa kitanda. Mkono ukasimama. Akashika pindo la blanketi, akalipitisha vidoleni kama mtu anayetafuta jiwe kwenye mchele.

"Hii ni uzi yangu," akasema.

Atieno akatazama, akafunika mdomo. Ni blanketi mama alilomshonea pindo mwenyewe, kwa kupapasa, alipokuwa anaolewa. Lilitoka kwenye kitanda cha Manyatta. Kitanda cha Ouma.

"Nani ameleta hii hapa?"

Atieno akaenda barazani akainama juu ya barabara. "Baba Ivy! Ni wewe ulileta blanketi?"

Ouma akajibu kutoka kwenye duka la spea, na pikipiki zote za mji zikisikia: "Usiku kuna baridi ya ziwa! Nilitaka mama asipate baridi!"

"Ulifanya kitu ingine?"

"Nilikalia kitanda kidogo nisikie kama kinalia!"

"Na nini?"

"Nilijaribu jiko! Nilipika chai tu, ya rangi!"

Mwenye duka la spea akacheka mpaka akashika mlango. Mama hakucheka. Alikuwa ameshageuka, ananitafuta kwa mkono.

"Nyar thurwa," akaniambia, yaani binti wa kwetu, "nani aliwasha jiko humu? Wewe umeisikia kwa masikio yako. Kitanda amekalia, blanketi ni yake, moto amewasha yeye. Hii ni nyumba ya Ouma. Nishushe."

Nikamshusha. Akakaa kwenye ngazi ya mwisho uani, mkoba mapajani, uso kwenye ukuta. Atieno akamwambia mama, kesho asubuhi ni hospitali. Akasema anajua. Akamwambia mama, ni jicho. Akasema, "Jicho ni langu moja. Watoto ni wenu wengi." Atieno akaanza kulia, na mtoto mgongoni akaamka akamsaidia.

Vyumba vingine viwili vilikuwa na watu wa harusi. Jamali akashuka na simu, anatafuta hoteli, na mama anasema hoteli ya nani, italipwa na nani kama si Ouma. Alikuwa ameshaogopa, na mtu akiogopa hivyo kila mlango unakuwa wa mkwewe.

Ndipo Bi Rukia akatoka chumbani kwake huku chini, na fimbo. "Nani analia uani kwangu?"

Nikamweleza. Wajua kueleza jambo la Kijaluo kwa Kiswahili kwa mtu anayekatiza maneno? Lakini alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Basi alale kwangu." Nikamgeuzia mama. Mama akavuta pua. Chumba cha Bi Rukia kina ubani tangu asubuhi mpaka usiku, na moshi ndio daktari alikataza kabla ya vumbi.

"Mwambie ahsante," mama akasema, "lakini nitatoka humo kipofu mwenye harufu nzuri."

Nikamtafsiria. Bi Rukia akacheka. Akamtazama yule mwanamke kwa muda, wote wawili wazee, wajane wote. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mama Okoth, kwenu nyumba inakuwa ya nani?"

Nikasema, "Ya mwanamke anayewasha moto, Bi. Mwanamume anajenga, lakini mwenye jiko ndiye mwenye nyumba."

"Na kitanda?"

"Kitanda ni cha aliyekilalia."

"Jamali," akaita. "Weka hiyo simu. Toa kitanda changu."

Kazi iliyofanyika pale sijaiona tena. Godoro la Bi Rukia, mbao zake, shuka zake za maua, vyote vikapanda juu. Mimi mbele, Jamali na Lavenda nyuma, na ngazi zile mnazijua zilivyobana kwenye kona. Kitanda alichokalia Ouma kikashuka chini kwa Bi Rukia. "Mimi si mkwe wa mtu hapa," akasema, "nitalala." Blanketi nikalikunja nikampa Atieno, akamtupia mume wake kutoka barazani, likamfunika kichwa. Nikasugua sakafu. Nikasugua jiko mpaka chuma kikalia. Mtungi wa gesi nikaufungua nikauteremsha, nikapandisha wa Bi Rukia. Halafu, kwa mazoea, nikavua viatu nilale nitazame juu. Nikakumbuka. Nikavaa viatu. Siku hiyo peke yake sikulala kwenye kitanda nilichotandika.

Nikashuka kusema tayari, moto nitawasha mimi. Bi Rukia akasema, "Wewe ni mwenye nyumba hii?"

"La, Bi."

"Basi."

Akashika ngazi. Bi Rukia hakuwa amepanda zile ngazi tangu magoti yalipomkataa. Hata studio zilipokamilika alionyeshwa kwenye picha. Jamali akataka kumbeba, akapigwa na fimbo kwenye mguu. Alipanda akipumzika, akimtaja Mungu, akimtaja baba yake aliyenunua nyumba ya ngazi badala ya nyumba ya chini kama watu. Na mama wa Katito nyuma yake, mkono mmoja ukutani, mwingine umeshika kanga ya Bi Rukia. Kiwete anaongoza kipofu. Mimi nilikuwa nyuma yao wote, mikono mbele, nikijua wakianguka tunaondoka watatu.

Hakuna aliyeanguka.

Bi Rukia akafika, akaketi kwenye kiti apate pumzi. Akainuka, akawasha kiberiti, akawasha jiko. Akaweka sufuria yake, maji, unga, akakoroga uji kwa mkono wake. Mama akasimama mlangoni, nje ya kizingiti, anasikiliza mwiko unavyogonga sufuria. Uji ulipotokota Bi Rukia akasema, na hii hata mimi sikuhitaji kuitafsiri:

"Jiko nimewasha mimi. Kitanda changu. Nyumba ya baba yangu. Wewe ni mgeni wangu. Karibu ndani."

Mama akainua mguu akavuka. Akapewa kikombe, akaonja. Tukangoja.

"Uji hauna ndimu," akasema.

"Wa kwetu hatutii ndimu," Bi Rukia akajibu.

"Ndiyo maana magoti yanawauma."

Tukanywa wanawake watano, na Lavenda akajitilia sukari nyingi akasema ni mtamu. Kesho yake asubuhi mama alikuwa wa kwanza kwenye benchi la hospitali.

Alikaa kwetu mpaka jicho likatulia. Kila siku Bi Rukia alipanda, nakwambia kila siku, kuwasha jiko. Akasema daktari wa magoti alikuwa amemwambia atembee na yeye alikuwa hajapata sababu.

Siku aliyorudi kutoka kuonwa bila bandeji, miwani nyeusi puani, alizunguka chumba kile akitazama kitu kimoja kimoja. Boriti. Kitasa. Uso wangu.

"Kumbe wewe ni mfupi," akaniambia. "Sauti yako ni ya mtu mrefu."

Halafu akataka kwenda barazani. Ng'ambo ya barabara, pale pale kwenye duka la spea, Ouma amesimama kofia mkononi, macho chini. Alikuwa anakuja kila jioni kuuliza hali, anaulizia hapo hapo, anajibiwa kutoka juu. Mama alikuwa hajawahi kuuona uso wake. Akashika ukingo wa mbao, akatazama. Barabara nzima iko katikati, na yeye yuko juu, heshima haijaguswa. Akatazama sana, mpaka Ouma akaanza kuzungusha kofia.

"Atieno," akasema.

"Mama."

"Ana masikio makubwa."

"Ndiyo, mama."

"Ni mtu mzuri. Mwambie aende nyumbani kunywa chai."

Tangu siku hiyo nikaweka sheria ambayo nyinyi mnaiona kama wazimu wa Mama Okoth. Kabla mgeni hajaingia, mtu wa nyumba awashe jiko, achemshe maji. Mgeni awe wa Nairobi, awe wa Ulaya, hata asipojua. Anakuta sufuria ina joto, anafikiri tumemwandalia chai. Nasi tumemwandalia, lakini pia tumemwambia kuna mwenyewe hapa, na wewe ni mgeni wake. Bi Rukia alipozidiwa na uzee alinipa kiberiti mimi, mbele ya Jamali. Hiyo sikuandikiwa karatasi, na sikuitaka.

Siku yangu ya mwisho yule mama yake Atieno alikuja kutoka Katito kuniaga, na kuku chini ya kwapa. Alitaka kulala chumba kile kile. Mimi nilikuwa nimeshavua aproni. Funguo na kiberiti nimempa Lavenda, nimekaa kwenye ngazi za uani na mkoba wangu mapajani. Nikamsikia mama amefika juu, bila kushikwa mkono na mtu. Mlango ukagoma, kulikuwa na mvua. Lavenda akauinua kwa bega. Mama amesimama kizingitini, namjua, haingii.

"Nani aliwasha jiko humu?"

"Mimi, Dana," Lavenda akasema, yaani bibi yangu. "Na kitandani sikulala. Karibu ndani."

Nikasikia mguu ukivuka. Nikachukua mkoba wangu nikaenda nyumbani.